Naomba kujua huu mmea: umeota kwenye tuta la karoti, majani ni ya karoti, ila chini hakuna karoti

Mama Wawili (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Nipo Arusha, upande wa Moshono. Nyuma ya nyumba nina kibustani: figiri, mchicha, giligilani na matuta mawili ya karoti. Kabla mvua hazijashika nilinunua samadi kwa jamaa anayepita mtaani na pikapu, nikaichanganya na udongo, nikasia karoti. Karoti zimeota vizuri, lakini katikati yake umeota mmea ambao siujui, na sasa umefika hadi ukutani na pale kwenye bomba la maji.

Ukiwa mdogo huwezi kuutenga na karoti. Majani yamechanikachanika, yamelala chini kulizunguka shina. Halafu katikati linachomoza shina moja, linapanda kwa kasi, linatoa matawi, na huko juu kunajaa vimaua vyeupe vidogo sana. Mrefu kuliko yote umenifika kifuani. Nikiung'oa, chini ni mzizi mwembamba tu unaokwenda moja kwa moja.

Kuna mambo mawili yamenileta hapa. Kwanza, binti anayenisaidia kazi za nyumbani alipalilia hapo asubuhi, jioni mikono ikawa imemwiva na vipele hadi kwenye viwiko. Pili, mama mkwe yuko kwangu kwa sasa, na yeye ana uhakika kuwa hii ni artemisia, ule mmea wa dawa ya malaria. Ameshaanika ungo mzima. Anasema nusu atarudi nayo Singida, nusu tuchemshe tunywe humu ndani maana msimu wa mbu umefika. Nimejaribu programu ya simu ya kutambua mimea: picha ya jani imejibu artemisia, picha ya ua imetaja jina jingine kabisa, picha ya mmea mzima imesema karoti.

Picha hizo hapo chini. Ni mmea gani, na huo ungo niufanyeje? Nawasilisha.

Siti ya Mbele

Ngoja waje wataalamu. Nimeshafika na karanga zangu.

Mtoto wa Kilombero

Dada, hiyo ni karoti iliyorudi porini. Karoti ukiichelewesha shambani inapanda juu na kutoa maua meupe, na mzizi unakomaa hauliki. Mbegu za dukani siku hizi huwa zimechanganyika.

Fundi Bomba

Mimi naona bangi mwitu.

Kijana wa Sakina

Fundi, hapo kwenye "mwitu" uandike kwa herufi kubwa, mwenzio asije akagongewa geti usiku.

Ng'ambo ya Mto

Ingekuwa bangi mwitu asingehangaika kuuliza. Ile ukiigusa tu na suruali unanuka hadi nyumbani. Na maua yake si meupe, ni vijifuko vyembamba vya rangi ya manjano iliyofifia, na mbegu zake nyeusi ndefu zinanasa kwenye nguo. Mimi shamba langu la mahindi limejaa, naijua kuliko ninavyowajua majirani.

Tiba Asili Daima

Mama mkwe yuko sahihi, mheshimuni. Hiyo ni artemisia. Mwaka 2020 dunia nzima ilihangaika na korona, ndege ikatumwa Madagascar kufuata kinywaji cha mmea huo huo, na leo umekuotea bure ukutani unataka kuung'oa! Anika kivulini, chemsha, kunyweni. Wazungu wenyewe dawa zao za malaria wanatoa humo.

Mama Wawili

@Tiba Asili Daima asante, nawe unasema kama mama. Ila mbona mikono ya binti?

Tiba Asili Daima

Vipele vinaweza kuwa vya kitu kingine. Upupu, viwavi, hata sabuni. Msikimbilie kulaumu mmea.

Bwana Shamba Mstaafu

Wanangu, hebu tusimame kwanza. Hakuna mtu wa kunywa chochote kutoka kwenye huo ungo mpaka tujue ni nini. Ukikosea mbegu ya kupanda utapoteza msimu mmoja. Ukikosea mmea wa kunywa, figo na ini ndizo zinazolipa.

Mama Wawili, picha zako ni nzuri lakini umepiga kwa mbali. Jani peke yake linadanganya. Mimea mingi isiyohusiana kabisa ina majani yaliyochanikachanika: karoti, giligilani, bangi mwitu, artemisia, na mingine. Ndiyo maana hiyo programu inakupa majibu matatu, kila picha inaiona kama mmea wake.

Naomba hivi. Vaa glovu, au mifuko mkononi kama glovu hakuna. Chukua mmea mmoja wenye maua. Shina: pitisha kidole kutoka chini kwenda juu, uniambie ni la mviringo laini au lina mifereji. Kata shina uone kama linatoa utomvu mweupe. Angalia yanapotokea majani: mawili mawili yanatazamana, au moja moja kwa kupokezana? Jani ligeuze, lina malaika au halina? Ua moja, weka karibu na rula au karibu na punje ya mchele, upige picha kutoka juu. Na harufu: sugua jani kwa kijiti, usisugue kwa vidole, unuse kwa mbali.

Kijana wa Sakina

Mzee shikamoo. Hii sasa ndiyo shule.

Siti ya Mbele

Karanga zinaniishia, mama rudi na majibu.

Mama Wawili

Shikamoo mzee. Nimefanya ulivyosema, mume wangu ndiye kashika rula.

Shina lina mifereji, mistari iliyosimama kutoka chini hadi juu, inasikika kabisa kwenye kidole hata nikiwa na glovu. Utomvu mweupe hakuna, ni maji tu. Majani yanapokezana, moja huku moja kule. Yana malaika mafupi meupe pande zote mbili, ndiyo yanayofanya rangi ya kijani ionekane imepauka. Ya chini ni makubwa, yanazidi kiganja changu. Ya juu karibu na maua ni membamba na hayajachanika sana.

Ua ni dogo ajabu, halifiki nusu sentimita. Mviringo mweupe wa maziwa, ila ukilitazama karibu lina pembe tano, na kwenye kila pembe kuna kijipetali kifupi kama kimekatwa. Yamekusanyika mengi juu ya matawi, kila moja na kikonyo chake.

Harufu: ya majani tu yaliyokatwa, hafifu. Ukiacha hapo hakuna kitu.

Bwana Shamba Mstaafu

Marahaba wote. Mama, sasa tumefika. Hilo ni gugu karoti. Jina la kitaalamu ni Parthenium hysterophorus, na liko kwenye familia moja na alizeti, si familia ya karoti. Karoti ina maua yanayotandaza mwavuli kutoka nukta moja, na ukisugua jani lake unasikia karoti yenyewe. Lako lina vitufe vyenye pembe tano, na shina la mifereji. Hivyo viwili vikikutana na lile duara la majani yaliyolala chini wakati mmea ni mchanga, sina shaka.

Si mmea wa kwetu. Asili yake ni Mexico na maeneo ya jirani. India lilionekana Pune mwaka 1955 likihusishwa na ngano iliyotoka Marekani, likatapakaa karibu nchi nzima. Australia wamepambana nalo miaka mingi katika malisho ya Queensland. Ethiopia lilianza kujulikana miaka ya 1980, na wengi wanalihusisha na nafaka za msaada wa chakula. Hapa Tanzania lilitambuliwa Arusha mwaka 2010, kwa hiyo mkazi wa Moshono kuliona ukutani si ajabu. Ajabu ni kwamba bado wengi wetu hatulijui kwa sura.

Kinacholifanya lishinde ni mbegu. Mmea mmoja uliostawi unaweza kutoa mbegu 15,000 hadi 25,000, na haungoji: ukiota leo, ndani ya mwezi au zaidi kidogo unaweza kuwa na maua. Halijali sana msimu, lipate unyevu tu linaota. Mbegu ni nyeusi, ndogo, zinasafiri na maji ya mvua, matope ya tairi, kwato, mchanga wa ujenzi, nyasi kavu za mifugo, na samadi. Zilizofukiwa chini ya udongo zinaweza kukaa miaka kadhaa zikingoja jembe lizipandishe juu. Na mizizi na majani yake hutoa kemikali zinazozuia mimea mingine kuota na kukua. Kaangalie karoti zilizo karibu nalo kisha ulinganishe na za upande wa pili wa tuta.

Na mikono ya binti ndiyo yenyewe. Gugu hili lina kitu kinaitwa parthenini, na kwa watu wengi kinaleta mzio wa ngozi. Chavua yake kwa wengine inaleta mafua yasiyoisha na pumu.

Huo ungo, mama, usichemshwe.

Tiba Asili Daima

Mzee nakuheshimu, lakini kila mti wa Mwafrika ukionekana unatibu, mnaupa jina la gugu. Hata mlonge walisema hivyo hivyo.

Bwana Shamba Mstaafu

Mwanangu, hili si la Mwafrika, limekuja kwa meli. Na wewe unaonekana unaijua artemisia. Ukiisugua inanukaje?

Tiba Asili Daima

Inanuka sana. Kali, tamu tamu, inakaa kwenye vidole hadi kesho yake. Hata ikikaushwa harufu haiondoki, ukifungua gunia chumba kizima kinajua.

Haya. Nimerudi kusoma tena alichoandika Mama Wawili. "Harufu ya majani tu." Hapo sina cha kusema. Artemisia haiwezi kukaa kwenye ungo mzima ikakosa harufu. Na maua ya artemisia annua ni ya manjano, vidonge vidogo vinavyoinamia chini, havina weupe huo. Mama, mwombe mama mkwe anuse ungo wake.

Ng'ambo ya Mto

Leo Tiba Asili kashinda kesi dhidi yake mwenyewe. Heshima kwako mkuu.

Muuguzi wa Zamu

Niongeze kidogo kwenye hili la kunywa, maana swali litarudi. Ni kweli dawa mseto za malaria zina kiambata kilichoanzia kwenye artemisia. Tu Youyou wa China alipewa Nobeli ya tiba mwaka 2015 kwa ugunduzi huo. Lakini Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya artemisia kutibu wala kuzuia malaria, hata ikiwa ni artemisia halisi. Kiasi cha dawa kwenye majani kinabadilika kutoka shamba hadi shamba na kikombe hadi kikombe, mgonjwa anapata nafuu ya juu juu, vimelea vinabaki na kuizoea dawa. Sasa fikiria na majani yenyewe yawe ya kitu kingine. Mtu ana homa, anakunywa gugu, anapoteza siku mbili tatu ambazo angekuwa ameshapimwa.

Kwa binti: aoshe mikono kwa maji mengi na sabuni, nguo alizovaa zifuliwe peke yake, asijikune. Vipele vikisambaa usoni, macho yakivimba au kifua kikibana, ni hospitali mara moja, msisubiri. Na asirudishwe kwenye hiyo kazi hata kwa glovu. Mzio wa namna hii mara nyingi unazidi kadiri mtu anavyokutana na kitu hicho tena na tena. Leo viwiko, kesho shingo na kope.

Mama Wawili

Asante dada muuguzi. Nilitaka kumpaka mafuta ya nazi.

Muuguzi wa Zamu

Yasubiri kwanza. Mpeleke kituo cha afya wamwangalie ngozi, watampa kinachofaa. Na waambieni ni gugu gani, inawasaidia.

Ng'ombe Watatu

Subirini kidogo. Kwa hiyo hili ndilo? Maana mimi nipo Kisongo, kiangazi kilichopita nyasi zilikuwa shida, kijana wangu akawa anakata majani kando ya barabara analeta zizini. Maziwa yakawa machungu. Wateja wakaanza kurudisha chupa, nikadhani ng'ombe anaumwa kiwele, nikaita daktari wa mifugo, akapima hakuona kitu. Picha ya pili ya mama ndiyo haya haya majani.

Bwana Shamba Mstaafu

Ndilo. Ng'ombe mwenye chaguo halili, ila nyasi zikikosekana au likichanganywa kwenye mzigo wa majani atakula. Maziwa huwa machungu, na nyama pia inaweza kubeba ladha. Akila kwa wingi anaweza kuugua vibaya, ngozi na tumbo, hata kufa. Mwambie kijana ajue sura yake kabla hajashika panga. Na samadi ya zizi lako usimuuzie mtu wa bustani kabla hujaiacha iive vizuri.

Ng'ombe Watatu

Mzee nimekuelewa, ila hapo kwenye kuuza samadi umenigusa mfukoni.

Kijana wa Sakina

Mama Wawili, jamaa wa pikapu amepatikana!

Ng'ombe Watatu

Mimi sina pikapu, kijana. Nina mkokoteni.

Msafiri wa Baringo

Jamani huku kwetu Kenya liko muda mrefu, na ninyi mnaozungumzia mbu mtashangaa. Watafiti wa icipe, kile kituo cha wadudu cha Kasarani, Nairobi, walichapisha mwaka 2015 kwamba mbu jike wa Anopheles gambiae, yule yule wa malaria, hufyonza utamu wa gugu hili na kuhifadhi nguvu nyingi mwilini kuliko anapofyonza kishona nguo. Hata asipopata damu anajikimu hapo. Kwa hiyo mama mkwe kaanika dawa ya malaria ambayo mbu wa malaria ndiye anayeipenda.

Siti ya Mbele

Nimecheka hadi karanga zimenipalia.

Bi Mkubwa Mbauda

Mimi nilichokiona ni kingine. Watoto wanaouza mashada wanachuma hivi vimaua vyeupe vya barabarani kujazia katikati ya mawaridi. Ni vizuri kwa macho, havinyauki haraka. Kanisani kwetu vimewahi kukaa mbele wiki nzima, na kwaya ilikuwa inapiga chafya. Tulisema ni vumbi la mapazia.

Mtoto wa Kilombero

Basi hoja yangu ya karoti naiondoa kimya kimya. Sasa tupeni namna ya kulitoa. Mimi nasikia unamwaga chumvi kwenye mzizi, kwisha kazi.

Bwana Shamba Mstaafu

Chumvi italiua na karoti, na tuta lenyewe litakuwa halifai kwa muda. Kwenye bustani ya mboga chumvi haina nafasi.

Kwa eneo dogo kama la mama, mkono unatosha, ila kwa utaratibu. Ng'oa siku udongo una unyevu, asubuhi baada ya mvua, kwa sababu mzizi unakwenda chini na udongo mkavu unaukata njiani. Shina likikatika juu ya ardhi, linachipua upya kwa matawi mengi kuliko mwanzo; ndiyo maana kufyeka peke yake ni kulipogoa. Vaa mikono mirefu, glovu, kitambaa puani. Mwenye pumu asikaribie.

Anza na yasiyo na maua. Hayo hata ukiyaacha juani kwenye saruji mizizi ikitazama juu yanakauka, yamekwisha. Yenye maua ni habari nyingine. Usiyaburute bustani nzima, mbegu zinapukutika kila hatua. Leta kiroba pale pale, inamisha mmea ndani taratibu, kisha ung'oe. Funga mdomo wa kiroba. Usiyatie kwenye shimo la mboji, kwa sababu mboji ya nyumbani mara nyingi haipati joto la kuua mbegu zote. Usimpe mbuzi, hata akilia. Yafukie chini sana mahali usipolima, au yaache yakauke ndani ya kiroba kisha uyachome mbali na watu, na usisimame upande wa moshi.

Halafu jiandae kuyaona tena. Mbegu zilizoingia na samadi hazikuota zote mara moja. Kila mvua itapandisha kundi jipya, na wakati wa kuyakamata ni yakiwa bado yamelala chini. Udongo usiuache wazi: sehemu isiyo na mboga weka matandazo mazito ya nyasi safi, au panda viazi vitamu vitandaze. Gugu hili linapenda udongo mtupu na linashindwa kwenye kivuli kizito.

Fundi Bomba

Na dawa za magugu?

Bwana Shamba Mstaafu

Zipo zinazoliua likiwa changa. Glaifoseti inaliua, lakini inaua kila cha kijani inachogusa, kwenye tuta la karoti haifai. Nyingi za kuchagua majani mapana nazo haziwezi kutofautisha gugu na karoti, zote ni majani mapana. Ukutani na njiani unaweza, ukisoma kibandiko na kuvaa kinga. Kwa ukubwa wa bustani ya mama, mimi nisingenunua.

India walianza kumwachia mbawakawa kutoka Mexico mwaka 1984, anaitwa Zygogramma, anakula majani ya gugu hili. Anasaidia kupunguza nguvu yake kwenye maeneo makubwa. Lakini hiyo ni kazi ya serikali na watafiti. Mtu asiagize wadudu mtandaoni.

Kijana wa Sakina

Nilikuwa nimeshafungua ukurasa.

Mama Wawili

Mzee Mungu akubariki. Swali langu limebaki moja na ni gumu kuliko yote: mama mkwe namwambiaje? Ameshampigia simu dada yake Singida kwamba anakuja na dawa.

Bi Mkubwa Mbauda

Usimwambie kakosea. Mama mkwe hasahihishwi, anaombwa ushauri. Mtafutie artemisia ya kweli, weka pande mbili, mwambie "mama nisaidie kutofautisha, mimi macho yangu hayaoni."

Tiba Asili Daima

Mimi nipo Usa River, nina miche halisi. Njoo uchukue tawi bure, ila la kunusa, sitaki dada muuguzi anishike shati.

Muuguzi wa Zamu

La kunusa ruksa.

Ng'ambo ya Mto

Na huo ungo usiende Singida kwa njia yoyote. Maua yakikauka yanaachia mbegu. Mama atapokelewa stendi na dawa, mwakani ndugu wote watakuwa na gugu.

Bwana Shamba Mstaafu

Hilo ni kubwa kuliko mnavyodhani, limesafiri dunia nzima kwa namna hiyo hiyo. Ungo wote uingie kwenye kiroba, na chini ya ungo pafagiliwe.

Mama, jambo jingine. Weka mmea mmoja usio na maua na tawi moja lenye maua katikati ya magazeti, ugandamize kwa vitabu vizito ukauke. Ukipata nafasi, peleka Ngaramtoni kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, pale ilipokuwa TPRI, ile taasisi ya utafiti wa viuatilifu. Wana hifadhi ya taifa ya mimea mikavu, wataalamu wa pale watakuthibitishia kwa kulinganisha na sampuli zao, na itajulikana kwamba limefika mtaani kwenu. Tawi lenye maua lifunge kwenye bahasha kabla ya kusafiri nalo. Mimi natazama picha kwenye simu, wao watashika mmea.

Mama Wawili

Mrejesho wakuu.

Nilikwenda Usa River, nikapewa tawi na chai juu (ya majani ya kawaida, nilihakikisha). Jioni nikamwomba mama anisaidie kutofautisha kama Bi Mkubwa alivyonifundisha. Alisugua artemisia kwa vidole, akanusa, akasema "hii ndiyo." Akasogelea ungo, akanusa, akanyamaza. Akarudia. Halafu akaniuliza kama nina glovu zinazomtosha.

Kesho yake mvua ilikuwa imenyesha. Tumeng'oa yeye na mimi, mume wangu akishika viroba. Shina la mifereji sasa mama analitambua hata gizani, amekwenda hadi kwa jirani wa nyuma kumwonyesha yaliyo kwenye uzio wake. Jirani alikuwa anayamwagilia. Mwenyekiti wa mtaa nimemwambia, amesema ataliweka kwenye kikao. Muuza samadi nilipompigia alisema samadi yake ni safi na akakata simu.

Binti alipewa dawa ya kupaka kituo cha afya, vipele vinapungua. Bustani ameiaga, sasa yeye anapika na mimi napalilia. Sampuli ziko ndani ya magazeti chini ya godoro la wageni, zikikauka nazipeleka Ngaramtoni.

Siti ya Mbele

Mama mkwe apewe cheo.

Ng'ombe Watatu

Mama, huyo muuza samadi ana pikapu nyeupe yenye turubai la bluu? Maana aliwahi kununua samadi kwangu.

Mama Wawili

@Ng'ombe Watatu njoo inbox.

Wakuu, la mwisho halafu niwaache mlale: karoti zenyewe zilizokua katikati ya hilo gugu, zinalika?

Bwana Shamba Mstaafu

Zinalika. Gugu limezidumaza tu, halikuzitia sumu. Hakikisha tu unachong'oa ni karoti: sugua jani, inuse, kisha ioshe vizuri. Na vumilia, zitakuwa nyembamba.